Kabla hujasema dawa imegoma, piga picha ya mkia: uzi wa sindano za mshipa kwa panya wa maabara

MtuWaBandani

Habari zenu wakuu. Salamu kwa walioko maabara, mabandani na wodini.

Huu ni mwaka wangu wa sita nafanya kazi na panya wa maabara huku Ulaya, kwenye kikundi kinachojaribu dawa za saratani. Sindano za mkia nimechoma nyingi mno. Leo nataka tuongelee jambo ambalo kwenye makala za kisayansi hupitwa kwa sentensi moja: "dawa ilitolewa kupitia mshipa wa mkia." Basi, wanaendelea na mengine. Nani alihakikisha kwamba iliingia mshipani? Alijuaje?

Nianze na lililonipata. Mwaka wangu wa pili tulikuwa na jaribio la doksorubisini, dawa ya saratani, panya 8 kila kundi, uvimbe umepandwa ubavuni. Kwenye kundi la dawa, panya 5 uvimbe ulinywea, 3 ukaendelea kukua kana kwamba hawakupewa kitu. Tulikaa kikao asubuhi nzima tukibishana kuhusu uvimbe: labda una usugu, labda damu haifiki katikati yake. Hakuna aliyeuliza kama dawa iliingia, na mimi niliyechoma nilikuwa nimekaa pale pale. Kwenye daftari langu, mbele ya kila namba, nilikuwa nimeandika neno moja: "sawa". Wiki iliyofuata mmoja wa wale 3 akatokwa na kidonda mkiani, ngozi imekuwa nyeusi na ngumu kama ganda. Anayeijua doksorubisini anajua maana yake. Ikimwagika nje ya mshipa inaua nyama.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba tungeliona siku ile ile. Doksorubisini yenyewe inang'aa. Ukiimulika kwa mwanga wa buluu wa nanometa 480 hivi (nanometa ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), inarudisha mwanga wa rangi ya machungwa kwenye 590 hivi. Mashine ya kupiga picha za aina hiyo ilikuwa chumba cha pili.

Kwa ambaye hajawahi kushika panya: mkia wa panya mdogo (yule wa gramu 20 hadi 30, sisemi panya buku) una vena mbili pembeni, kushoto na kulia, na ateri upande wa chini. Ukiupasha moto kwa maji ya nyuzi 40 hivi au kwa taa, vena hutanuka, zikaonekana kama uzi wa buluu. Unatumia sindano ya geji 27 hadi 30, unailaza karibu sambamba na mkia. Ikiingia vizuri unasikia wepesi kidoleni, damu inasukumwa mbele, ule uzi wa buluu unageuka mweupe sekunde moja mbili kisha unarudi. Ikiwa nje, bomba linagoma na ngozi inapanda kidonge cheupe.

Iliyokosa kabisa haina shida, kila mtu anaiona. Hatari iko kwenye iliyoingia nusu. Unasukuma mikrolita 150, zile 100 za kwanza zinakwenda mshipani, panya anajikunja, ncha inatoboa ukuta wa pili, 50 zilizobaki zinalala chini ya ngozi. Kidole hakisikii tofauti. Jicho nalo halioni, hasa kwa wale panya weusi wa C57BL/6 ambao mkia wao una rangi ya ngozi iliyokolea. Unaandika "sawa", na hujadanganya kwa makusudi.

Sasa picha. Kitu kinachong'aa kwa namna hii hunywa mwanga wa rangi moja na kuutoa kwa rangi nyingine, yenye mawimbi marefu zaidi. George Stokes ndiye aliyelipa jambo hili jina mwaka 1852, na mojawapo ya vitu alivyovichunguza ni kwinini, hii hii tuliyokuwa tunapewa kwa malaria. Chukua soda ya toniki yenye kwinini, izimie taa, imulike kwa ile taa ya dukani ya kukagulia noti bandia. Itang'aa buluu. Kamera za maabara zinafanya hivyo hivyo, ila mbele ya lenzi kuna chujio linalozuia mwanga uliotumwa na kupitisha ule uliorudi tu.

Mwilini mwanga wa buluu na kijani haufiki mbali. Damu inaumeza, halafu ngozi na nywele nazo zina mng'ao wao wenyewe unaochafua picha. Nafasi nzuri iko kati ya nanometa 700 na 900, ambako himoglobini imepunguza kumeza na maji bado hayajaanza sana. Rangi tunayoitumia sisi ni indosianini ya kijani, wengi wanaiita ICG tu. Inanywa mwanga kwenye nanometa 800 hivi na kuutoa kwenye 830 hivi. Hospitali zinaitumia kwa binadamu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kupima ini, kuangalia mishipa ya nyuma ya jicho, na siku hizi kuangalia damu inavyofika kwenye nyama wakati wa upasuaji. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania protini za plazma, ini linaichukua, linaitoa kwenye nyongo. Njia yake ni moja na inajulikana, ndiyo maana inafaa kuwa shahidi.

Ninavyofanya: ICG kidogo naichanganya na dawa kwenye bomba moja, baada ya sindano nafuta mkia kwa pamba yenye spiriti, panya anapewa nusukaputi ya aisoflureni, namlaza kwenye karatasi nyeusi mkia umenyooka wote ndani ya fremu. Dakika 2 baada ya sindano napiga picha ya kwanza. Ikiwa imeingia, ini linawaka chini ya mbavu, mwili mzima una mwanga hafifu, mkiani kuna kidoa kidogo tu pale ncha ilipopita. Baadaye utumbo nao unawaka, maana nyongo imeshuka. Ikiwa nje, mkiani kuna doa nene lenye kingo zilizofifia na tumbo lote giza. Ile ya nusu inaonyesha vyote viwili, na hiyo ndiyo niliyoianzishia uzi: panya wa nusu, doa likiwa kubwa, tunamtoa kwenye jaribio.

Karibuni tujadili.

NesiWaZamu

Mkuu umenigusa sana. Wodini haya tunayaona kila zamu. Mama anakwambia "nesi, mkono unauma", unafunua unakuta dripu ilishatoka mshipani na mkono umevimba. Ila mgonjwa ana mdomo wa kusema, panya hana.

Swali langu la kweli, sibishi. Dawa ikibaki chini ya ngozi si itanyonywa tu? Leo haipo damuni, kesho itakuwepo. Je, kuna haja ya kumtoa panya kwenye jaribio?

MtuWaBandani

Swali zuri dada, na ndilo lililonichelewesha mimi mwenyewe kuelewa.

Molekuli ndogo kweli itanyonywa. Lakini dawa ya mshipa inategemea kufika kwa mkupuo. Panya wa gramu 25 ana damu kama mililita 1.8 tu, na moyo wake unapiga mara 500 hadi 600 kwa dakika. Ukimpa mikrogramu 100 zote mshipani, kwa muda mfupi damu yake inabeba kama mikrogramu 55 kwa kila mililita. Ukimpa zile zile chini ya ngozi ya mkia, zinachuruzika kidogo kidogo kwa saa nyingi, na ini linaondoa huku zikiingia. Kile kilele hakifikiwi. Kama dawa yako inafanya kazi kwa kilele, huyo panya hakutibiwa.

Chembe kubwa ni mbaya zaidi. Liposomu (vifuko vidogo vya mafuta vinavyobeba dawa), kingamwili, seli: hizi hazipenyi kurudi kwenye kapilari. Zinabaki pale pale au zinachukuliwa na limfu. Kwa wanaochoma seli za saratani ili zikamee kwenye mapafu, seli zilizomwagika zinaota uvimbe mkiani, na mapafu yanabaki safi. Halafu mtu anaandika kwamba dawa imezuia kuenea kwa saratani!

Na hapa kuna mtego ambao naomba kila mmoja aushike. Ukipiga picha ya kwanza baada ya saa 24, panya aliyechomwa vizuri na aliyechomwa vibaya wanaweza kufanana, maana kilichochelewa kimeshafika. Picha nyingi zinazochapishwa ni za saa 24, kwa sababu ndipo uvimbe unaonekana vizuri. Picha ya saa 24 inakuonyesha dawa imekwenda wapi. Kujua iliingia kwa njia gani unahitaji picha ya dakika za mwanzo, na ikikupita haipatikani tena.

DktMifugo

Niongezee kwa upande wa limfu. ICG ikiwekwa chini ya ngozi ndiyo hiyo hiyo madaktari wa upasuaji wanayoitumia kutafutia tezi za limfu. Kwa hiyo ukiona nyuzi nyembamba zenye mwanga zikipanda kutoka mkiani, halafu vidoa vidogo vinawaka karibu na nyonga au kinena, jua unatazama limfu na rangi iko nje ya mshipa. Mimi naiamini dalili hiyo kuliko ukubwa wa doa.

Lakini nina wasiwasi, na nausema kama mtu anayekaa kwenye kamati ya maadili ya wanyama. Umesema panya "wa nusu" anatolewa. Nani anaamua, na lini? Mtu akishaona kwamba panya namba 6 hakupona, halafu akarudi kwenye picha ya mkia akasema "aa, huyu alimwagikiwa", hapo mkia umekuwa kisingizio. Panya aliyepona mwenye doa lile lile atabaki kundini. Nimeyaona haya kwa macho yangu kwenye taarifa zilizoletwa mbele yetu, na waliofanya hawakuwa watu wabaya. Waliamini kweli kwamba wanasafisha data.

MtuWaBandani

Daktari nakubaliana nawe moja kwa moja, na nilipaswa kuanza na hilo.

Sisi tunafanya hivi. Kanuni inaandikwa kabla panya wa kwanza hajashikwa, ikiwa na kipimo cha doa kitakachomtoa panya. Picha inasomwa siku hiyo hiyo na mtu asiyejua panya yupi ana dawa na yupi ana maji matupu. Akishaamua, anatia sahihi, na uamuzi haubadilishwi uvimbe ukianza kupimwa. Kwenye taarifa tunaandika wangapi wametolewa kutoka kila kundi, hata la maji matupu, maana ukitoa kwenye kundi la dawa peke yake umeshapindua mizani.

Na wale wanaotolewa hatuwaui siku hiyo kwa kuwa hawafai. Wanafuatiliwa kama wengine, na matokeo yao yanawekwa kwenye jedwali la pembeni. Mara mbili wamenifundisha zaidi kuliko waliobaki.

MkongweWaSindano

Wakuu habari. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, nimechoma panya na panya buku zaidi ya miaka ishirini. Nasema kwa heshima: anayejua kazi yake anajua amekosa. Ule wepesi kidoleni haudanganyi. Naona mnawafundisha vijana kuamini mashine badala ya mkono.

La pili, mnaongeza rangi kwenye dawa. Hiyo siyo dawa ile tena. Mnajuaje kwamba ICG haikushikamana na chembe zenu ikazipeleka kwingine?

MtuWaBandani

Mzee shikamoo. Mkono wako nauheshimu, na bila mkono kama huo picha zote zingekuwa za madoa. Kuanzia upande wa nchani ili ukikosa uweze kupanda juu, kuupasha mkia moto bila kumchosha panya, kumwacha atulie kwanza: haya yote niliyafundishwa na mtu wa rika lako. Lakini nilipoanza kupiga picha, nilijipima. Kila sindano niliandika kwanza ninachohisi, ndipo nikatazama picha. Zile zilizokosa kabisa nilizijua zote. Za nusu, nyingi nilikuwa nimeandika "sawa". Jaribu mzee, siku moja tu, uandike kabla ya kuangalia.

Kuhusu rangi umesema kweli na sitaificha. Kuna njia mbili na watu wanazichanganya.

Ya kwanza, rangi inafungwa kwenye dawa yenyewe kwa kemia. Hapo unaona dawa inakokwenda, lakini molekuli ndogo iliyobebeshwa rangi inaweza kuwa na tabia nyingine kabisa, kama mtoto aliyebebeshwa gunia.

Ya pili, rangi huru inachanganywa kwenye bomba moja na dawa. Hiyo inakuambia habari za sindano peke yake. Ikionyesha ini, imesema ncha ilikuwa mshipani, haijasema dawa imefika kwenye uvimbe. Na kweli ICG inapenda mafuta, inaweza kung'ang'ania liposomu. Kwa chembe za mafuta siichanganyi. Naanza na ICG kidogo peke yake kwenye maji ya glukosi, bila kuchomoa sindano nabadilisha bomba, ndipo naingiza dawa. Ni kazi ya mikono miwili na msaidizi, na ncha inaweza kuchezeka wakati wa kubadilisha, kwa hiyo si dawa ya kila ugonjwa.

Ila kama dawa yako haivumilii rangi yoyote, tumia picha kwa mafunzo. Kila mtu mpya kwetu anachoma ICG tupu, anapigwa picha, na haruhusiwi kugusa panya wa jaribio mpaka picha zake ziwe safi mfululizo. Baada ya hapo hata asipopiga picha kila siku, mkono wake umeshapimwa.

MkongweWaSindano

Marahaba. Hilo la kuandika kabla ya kuangalia nimelipenda. Nitalifanya.

Bado swali: hilo "doa" unalipimaje? Utasema asilimia ngapi ya dawa imemwagika?

MtuWaBandani

Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza mzee, na mashine inawasaidia kuteleza. Programu yake inakupa namba za mwanga kwa kila eneo unalozungushia duara. Mtu anachukua mwanga wa mkia, anaugawa kwa mwanga wa mwili mzima, anaandika "asilimia 40 imemwagika". Namba hiyo haina maana. Mkia ni mwembamba, rangi iko milimita moja chini ya ngozi, karibu mwanga wote unatoka. Ini liko ndani, juu yake kuna ngozi, misuli na mbavu, sehemu kubwa ya mwanga inapotea njiani. Doa dogo mkiani linaweza kulizidi ini zima.

Kuna kinyume chake pia. ICG ikibanana sana inajizima yenyewe, molekuli zinameza mwanga wa jirani zao. Doa lenye rangi nzito sana linaweza kung'aa chini ya uzito wake, halafu likaanza kung'aa zaidi kadiri linavyosambaa. Nimeona doa likiongezeka mwanga kwa dakika kumi, na hakuna aliyeongeza kitu.

Tulichofanya ni kutengeneza ngazi ya kulinganishia. Tulichukua mizoga ya panya waliokwisha kutumika kwenye kazi nyingine, tukachoma chini ya ngozi ya mkia kiasi tunachokijua: asilimia 5 ya dozi, 10, 25, 50. Tukapiga picha kwa mipangilio ile ile ya mashine. Sasa mkia unalinganishwa na mkia, unene ule ule, kina kile kile. Haitoi namba kamili, ila inatosha kusema "hili linazidi la asilimia 10", na kwenye kanuni yetu hilo ndilo linalomtoa panya.

Ukitaka uhakika zaidi na rangi yako inakaa damuni muda mrefu (ICG haikai, kwa binadamu nusu yake inaondoka kwa dakika 3 au 4), chukua tone la damu mikrolita 10 dakika chache baada ya sindano, pima mwanga wake, linganisha na ulichotarajia kwa uzito wa panya. Damu hiyo ichukuliwe mguuni. Ukiichukua mkiani umechota kwenye kisima ulichokimwagia rangi.

MwanaMoro

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, niko Morogoro, nafanya dawa za mitishamba kwa panya weupe. Uzi huu umeniogopesha kwa sababu nina panya 30 nimeshawachoma na sina picha hata moja. Mashine mnayoisema hatuna na sitarajii tutapata karibuni. Mtu kama mimi afanyeje?

FundiLenzi

Mdogo wangu usikate tamaa. Niko Nairobi, kazi yangu ni kamera, nimewahi kumtengenezea rafiki kifaa cha kuonea ICG na kilifanya kazi.

Sensa ya kamera ya kawaida inaona infraredi (mwanga usioonekana kwa macho, kama huo wa ICG) vizuri tu, ila kiwandani wanaifunika kwa chujio. Kuna kamera za Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana) zinazouzwa bila hilo chujio, zinaitwa NoIR. Mbele ya lenzi unaweka chujio la kioo linalopitisha kuanzia nanometa 830 kwenda juu. Kwa kumulika unatumia LED za 780. Angalizo: mwanga wa LED umetapakaa, sehemu yake inafika hadi 830, kwa hiyo na taa nayo ivalishe chujio la kuzuia juu ya 800, la sivyo utaona panya mzima anang'aa na utafikiri ni rangi. Kila kitu ndani ya kisanduku kilichopakwa rangi nyeusi isiyometa.

Ukitumia leza ya 785 badala ya LED, vaa miwani yake maalumu. Hilo nalisema kwa msisitizo. Leza hiyo karibu haionekani, jicho halitapepesa kujilinda, na unaweza kuunguza retina bila kuhisi chochote.

Haitakupa namba za kuchapisha, lakini swali lako ni "imeingia au imemwagika". Kwa swali hilo inatosha.

MtuWaBandani

Asante sana FundiLenzi. MwanaMoro, kama hata hiyo haiwezekani kwa sasa, Evansi buluu inaweza kukusaidia kwenye mafunzo. Ni rangi ya bei nafuu inayoshika albumini ya damu. Ikiingia mshipani masikio, pua na nyayo za panya mweupe hugeuka buluu ndani ya dakika chache, unaona kwa macho. Ikimwagika, buluu inabaki mkiani. Usiichanganye na dawa, na panya aliyepewa usimtumie kwenye jaribio jingine.

Na wale 30 usiwatupe. Andika wazi kwamba sindano hazikuthibitishwa kwa picha. Angalia mikia yao leo, kila uvimbe na kila kovu, uandike kabla hujafungua matokeo.

Kuhusu ICG, iyeyushe kwanza kwa maji tasa ya sindano. Usianze na maji ya chumvi, yanaifanya ishikamane. Ifunike kwa foili maana mwanga unaiharibu, na utumie siku hiyo hiyo. Iliyolala usiku mezani imwage. Sisi tunatoa nusu miligramu kwa kilo, yaani mikrogramu 12.5 kwa panya wa gramu 25, na hiyo inaonekana vizuri sana.

DktMifugo

Naomba pia muongelee vinavyong'aa visivyohusika. Kijana mmoja aliniletea picha ya "sindano zilizomwagika" karibu kundi zima. Nikamuuliza panya wamewekewa namba wapi. Mkiani, kwa kalamu ya wino. Wino ndio uliokuwa unang'aa.

MtuWaBandani

Daktari hilo limewapata wengi. Orodha yangu inatokana na makosa tuliyoyafanya wenyewe bandani.

Karatasi nyeupe ya kufutia mikono inang'aa. Plasta nyeupe inang'aa. Tone la rangi lililotoka kwenye tundu la sindano na kukauka juu ya ngozi linafanana kabisa na lililomwagika ndani, ndiyo maana mkia lazima ufutwe kabla ya picha. Doa likihama au kupungua baada ya kufuta, lilikuwa juu. Mkojo nao: rangi zinazotolewa na figo zinashuka hapo, panya akijikojolea mkia mzima unawaka. ICG haina shida hiyo kwa kuwa inapita kwenye nyongo.

Halafu chakula. Pumba za panya wa maabara mara nyingi zina majani ya lusini, na klorofili inang'aa nyekundu kwenye nanometa 680 hivi. Ukitumia rangi za eneo hilo, tumbo la panya litakuwa na mwanga hata hujamchoma chochote, na utafikiri ni ini. Wengi huwahamishia panya kwenye chakula kisicho na lusini wiki moja au mbili kabla. Kwenye 830 tatizo hupungua sana, lakini bado piga picha ya panya asiyechomwa kila siku ya kazi. Picha hiyo moja imetuokoa mara nyingi kuliko nyingine yoyote.

NesiWaZamu

Jamani, hivi panya akikosewa mara ya kwanza anachomwa tena mara ngapi? Naliwaza tu, maana hata binadamu tunajiwekea mpaka kisha tunamwita mwenzetu mwenye mkono mwepesi.

DktMifugo

Mpaka unaandikwa kwenye kibali, dada. Ninavyoshauri mimi ni majaribio yasiyozidi 3 kwa siku, kisha panya arudi kwa wenzake apumzike. Russell na Burch mwaka 1959 waliweka nguzo tatu: kubadilisha mnyama kwa njia nyingine pale inapowezekana, kupunguza idadi, kuboresha anavyotendewa. Picha ya mkia inagusa mbili. Mkono uliopimwa humpunguzia panya maumivu, na sindano zikiwa za uhakika huhitaji kuongeza panya wa kufidia waliopotea bila kujulikana. Jaribio lenye panya 24 ambao 6 kati yao hawakupata dawa limewatumia wote 24 bure.

MwanaMoro

Wakubwa narudi na mrejesho. Tumetengeneza kisanduku alichoelekeza FundiLenzi. Chujio ndilo lililotuchelewesha, mengine yote tulipata hapa hapa. Leo tumefanya ile ngazi ya mizoga kama alivyosema MtuWaBandani, tumechoma mikrolita 2, 5, 10 na 20 za ICG mkiani. Ya 5 inaonekana vizuri hata kwa msimamizi wangu aliyekuwa na mashaka. Ya 2 hatuioni kabisa, hata tukiongeza muda wa kamera. Je, kifaa kina kasoro?

MtuWaBandani

Hakina kasoro. Umepata mpaka wa kifaa chako, na ni watu wachache wenye mashine kubwa wanaoujua wa kwao. Andika kwenye mbinu zako: "kilichomwagika chini ya mikrolita 5 hatukuweza kukiona." Kisha rudia ngazi hiyo kwa mikia ya panya wengine watatu, maana mikia haifanani unene, na uniambie kama ya 5 inaonekana kwa wote.